Mgongo wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu na mimi hatukuwahi kukaa chumba kimoja. Kwa miaka tisa tangu nimwoe binti yake nilimjua kwa kikohozi, kwa sauti iliyotoka nyuma ya milango, na kwa ncha ya gomesi, vazi refu la wanawake wa Buganda, iliyopotelea kwenye kona kila nilipotokea. Yeye ni Muganda, na kwa Waganda mwanamume na mama wa mkewe hawagusani, hawali pamoja, hawaketi wakatazamana usoni. Avunjaye mwiko huo, wanasema, huanza kutetemeka mikono, na kutetemeka huko hakuponi. Ugonjwa wenyewe wanauita obuko. Mimi ni Mkenya wa Kitale. Kwetu pia mama mkwe huheshimiwa, ila heshima yetu haina ugonjwa ndani yake, kwa hiyo niliufuata mwiko huo huku nikicheka kimoyomoyo. Heshima si utumwa, nilijiambia, na kupisha mtu mlangoni hakunipunguzii kitu.

Kazi yangu ni mapazia. Nina kibanda Nateete, nyuma ya soko, chenye mashine mbili za kushonea na meza ndefu ya kukatia. Watu hudhani pazia ni kitambaa tu kinachoning'inia. Pazia ni mstari. Ukikata mita tatu na mkono ukayumba mara moja, dirisha zima litaonekana limelewa. Nina hasira za karibu, mke wangu atakuambia, lakini mkasi ukiwa mkononi hakuna mtu mpole kama mimi Kampala nzima.

Mke wangu ni askari polisi, binti wa mwanajeshi. Baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa Mwislamu kutoka West Nile. Mama yake, Mkatoliki wa hapa Buganda, alimfuata mumewe kambi baada ya kambi mpaka akakijua Kiswahili cha jeshi. Lugha hiyo ndiyo iliyotuunganisha, kwa sababu Kiganda changu ni cha kuuzia. Najua namba, rangi na matusi mawili.

Mama mkwe alikuja kwetu Kasubi kwa ajili ya mgongo. Alikuwa amewashwa kwa zaidi ya mwaka, katikati ya mabega na chini karibu na kiuno, mahali ambapo mkono wa mtu mzima haufiki vizuri. Kijijini alijikuna kwa mwiko wa kusongea, kwa gunzi la mahindi, kwa pembe ya mlango. Halafu mtu akamuuzia sokoni kikopo cha krimu kisicho na maandishi, ile wanayopaka wanaotaka weupe, na kwa wiki chache mwasho ulikwisha kabisa. Akaipaka miezi mingi. Alipoiacha, mwasho ulirudi na wenzake, na ngozi ilikuwa imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, ikichanika kwa kukunwa kidogo tu. Haya yote nilisimuliwa. Mgongo wenyewe sikuwa nimeuona, na sikutarajia kuuona.

Kulala chini ya bati langu alikataa. Si adabu. Nikampangia chumba kwenye ua huohuo, mlango wa tatu kutoka wetu, na kila asubuhi mke wangu alikwenda kumpaka dawa kabla ya kwenda kazini.

Dawa waliipata kliniki ya ngozi, hospitali ya Mulago. Daktari aliyewaona alikuwa mwanamke mtaratibu, na mke wangu aliyaandika maneno yake yote nyuma ya daftari, kwa mwandiko wa kituo cha polisi. Ugonjwa ni pumu ya ngozi. Ndani ya mrija mmoja mna dawa mbili: steroidi nyepesi ya kutuliza uvimbe, na ganzi ya kutuliza mwasho. Ikamue kuanzia ncha ya kidole mpaka kiungo cha kwanza, kiasi hicho kinatosha eneo la viganja viwili. Ipakwe nyembamba, palipo na ugonjwa tu. Isipakwe penye mchubuko wala kidonda. Isifunikwe. Nawa mikono kabla na baada. Ikipita wiki moja mrudi tuone, msiendelee kwa kichwa chenu. Hilo la mwisho mke wangu alilipigia mistari miwili.

Siku ya nne ya dawa, kazini wakampeleka mke wangu kozi Masindi, wiki sita. Amri ya polisi haijadiliwi. Alifunga begi lake asubuhi, akanikabidhi daftari na mrija.

"Nimekuachia mama yangu," akasema.

"Nitampaka vipi mimi? Si utaniambia nimevunja mwiko."

"Sijui utafanya nini. Ninachojua, asirudi kijijini na mgongo ule. Akirudi atakitafuta kile kikopo, na safari hii ngozi haitabaki."

Nilimwahidi. Mtu anayeondoka huahidiwa chochote, ndivyo tulivyo.

Nikamwomba jirani yetu, mama mmoja mkarimu anayeuza maziwa, amsaidie. Mama mkwe akakataa katakata. Tayari wanawake wa pale bombani walikuwa wameanza kuulizana kwa nini yule mzee anajifunika kanga joto lote hili, na alijua mgongo wake ungefika mwisho wa barabara kabla ya maziwa. Nilisimama nje ya mlango wake nikiutazama ukuta, kama inavyopasa, nikamuuliza basi tufanye nini.

"Muko, ssebo, usijari," akajibu kutoka ndani. Muko ndiye mimi, mkwe wake; ssebo ni bwana. "Mimi nitajipaka. Kidogo kidogo."

"Mkono unafika, Mama?"

"Akiri inafika."

Nikamwachia mrija kizingitini, nikaondoka. Kusema kweli nilifurahi. Jambo zito lilikuwa limejiondoa lenyewe njiani, na mimi si mtu wa kulirudisha.

Siku mbili nilipiga hodi na kuuliza, siku mbili nikajibiwa kwamba mambo mazuri. Siku ya tatu, saa sita mchana, nilirudi nyumbani kuchukua futi niliyoisahau mezani. Ua ulikuwa mtupu, wapangaji wote kazini, mama wa maziwa naye hayupo. Nikapita mlango wa tatu nikasikia kama mtu anaongea na ulimi uliovimba. Nikaita. Akajibu kitu ambacho hakikuwa Kiganda wala Kiswahili.

Nikasukuma mlango. Ilikuwa mara ya kwanza kuona uso wake kwa karibu, na niliuona ukiwa na jasho, macho yakitafuta pa kushika. Alikuwa amekaa chini, ameegemea kitanda, amejifunga kanga mbili kifuani kwa nguvu, na nyuma ya kanga kitu kilikuwa kikichakarika kila alipopumua.

"Mudomo yangu imerala," akasema. "Kichwa nazunguka. Moyo nakimbia."

"Umekula nini, Mama?"

"Sijakula. Ni dawa. Nimeipika."

Nieleze alivyoipika, kwa sababu mpaka leo sijui kama nicheke au nilie. Mkono wake haukufika mgongoni. Basi alinunua jani la mgomba, akalilainisha kwenye jiko la mkaa kama wanavyofanya wakitaka kufunga matooke, ndizi zao za kupika, akakamua mrija wote juu ya jani, akalitandaza kitandani na kulilalia chali. Juu ya jani, kwa nje, akazungusha kaveera, ile mifuko ya plastiki, kisha akajifunga kanga kila kitu kikakaza. Alikuwa amekaa hivyo tangu asubuhi, kwenye chumba cha bati, jua likiwaka. Matooke yasipofunikwa hayaivi, na kwake dawa isiyofunikwa ingeivaje? Maisha yake yote kitu kizuri kilifungwa kwenye jani kikaachwa kiive kwa mvuke. Daktari alisema isifunikwe, lakini hakusema kwa nini, na mimi mwenye daftari sikuwa nimemsomea.

Nikapiga simu kliniki, namba ilikuwa kwenye karatasi ya dawa. Aliyepokea hakunizungusha. Toa hilo jani sasa hivi, osha mgongo kwa maji na sabuni mpaka dawa yote itoke, mlete mara moja. Ganzi imeingia mwilini kupita kiasi, akasema, joto na kufunika vimeisukuma ndani, na penye mikwaruzo imeingia zaidi.

Niliweka simu chini nikaleta beseni. Mama mkwe aliponiona na sabuni alielewa, akaanza kusogea nyuma kwa matako mpaka ukutani.

"Hapana, muko. Hapana. Ita mwanamuke."

"Hakuna mwanamke, Mama. Wote wako kazini."

"Basi ngoja."

"Siwezi kungoja!"

Nilimfokea. Mama mkwe wangu, ambaye sikuwahi hata kumwambia neno kwa sauti kubwa, nilimfokea kama ninavyomfokea fundi aliyeharibu kitambaa. Kisha nikapiga magoti, nikamgeuza, nikafungua kanga. Jani lilikuwa la moto na limebadilika rangi. Nikalibandua taratibu, na chini yake nikauona mgongo: mwembamba, mweupe wa krimu, wenye mistari ya kucha na mabaka mekundu ambayo mtoto angeyalilia. Nikamwosha kwa mikono yangu mitupu. Nilimwosha mara tatu. Alilia muda wote bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, na mimi nilijua analia aibu, nikaona aibu hiyo nimemletea mimi niliyefurahi kuuacha mrija kizingitini.

Mulago walimpima moyo kwa mashine ya nyaya, wakamlaza kitandani wakimwangalia mpaka jioni. Nilikaa kwenye benchi la nje. Niliomba Mungu kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kiganda cha kuuzia. Jioni yule daktari mtaratibu akatoka akasema moyo umetulia, midomo imeamka, na anataka chai.

"Una bahati umerudi mapema," akaniambia. Kisha akaeleza kile ambacho daftari halikuwa nacho. Ngozi si ukuta, ni mlango. Ukipaka nyembamba, dawa huingia kidogo na kufanya kazi hapohapo. Ukipaka nyingi, ukafunika, ukapasha joto, unaufungua mlango wote, na ganzi inakwenda hadi kwenye moyo na ubongo. Steroidi nayo, ikifunikwa au ikipakwa miezi, huila ngozi yenyewe, kama ilivyofanya ile ya kikopo. "Ya ganzi tunaiacha kabisa," akasema. "Mikwaruzo ikishafunga, aanze steroidi peke yake, mara moja kwa siku, siku kumi na nne, halafu mrudi. Katikati ya hapo, mafuta ya mgando ya kawaida. Nani anampaka?"

Nikatazama sakafu. Alikuwa Muganda, akaelewa. Hakunicheka. Akaniandikia glavu.

Glavu peke yake hazikutosha. Tuliporudi, mama mkwe hakusema na mimi siku tatu. Nikiacha chakula mlangoni, anakula, anarudisha sahani imeoshwa, haneni. Mke wangu alipiga simu kutoka Masindi, nikamwambia tuliyoyapitia, akasema, "Asante kwa kumwosha." Baada ya hapo akalia, nami nikakata simu nikijifanya mtandao umeniacha.

Siku ya nne, kwenye meza yangu Nateete, wazo likanijia mkasi ukiwa mkononi. Nilichukua pazia zito lenye bitana, nikapima, nikakata dirisha katikati yake, kimo cha mgongo wa mtu aliyeketi kwenye kigoda, ukubwa wa gazeti lililokunjwa. Nikapinda kingo zake nne na kuzishona vizuri, maana hata tundu ni kazi, na jina langu liko kwenye kazi. Jioni nikampelekea, nikamweleza nikiwa nje. Yeye akae upande wa kitanda, amenipa mgongo. Mimi nikae upande wa mlango. Pazia katikati. Hatutaonana, na kitakachomgusa ni mpira wa hospitali.

Nilimsikia akilipapasa pazia.

"Hii langi sitaki," akasema mwishowe. "Ni ya damu."

"Nitaleta ya kijani, Mama."

"Kale, sawa. Ya kijani mimi nakubari."

Na mikwaruzo ilipofunga, tukaanza. Kila asubuhi nanawa, navaa glavu, nakamua krimu mpaka kiungo cha kwanza cha kidole, nakaa kwenye kigoda changu mbele ya dirisha la kijani. Napaka nyembamba, kuelekea vinyweleo vilikolala, baka la juu kisha la chini, basi. Ilichukua dakika mbili. Lakini krimu ilipaswa kuachwa wazi ikauke kabla ya nguo, na hapo tulikuwa na dakika kumi za kukaa, watu wawili wenye pazia katikati, na hakuna awezaye kukaa kimya dakika kumi kila siku.

Akaanza yeye. Alinisimulia alivyojifunza Kiswahili bombani, kambini, kutoka kwa wake za wanajeshi waliomcheka. Kwamba mumewe alifunga Ramadhani na yeye alifunga Kwaresima, na watoto walifunga mifungo yote miwili au walikula katika yote miwili, kutegemea nani hayupo. Kwamba mumewe alikuwa hodari wa kusuka nywele za binti zao kuliko yeye, jambo ambalo kikosi kizima hakikulijua. Mimi nikamweleza Kitale, mahindi, mama yangu aliyekufa nikiwa fundi mdogo, bila kuniona nikiwa na meza yangu. Hapo akasema, "Bambi," polepole, neno la Kiganda la kumhurumia mtu, na mgongo wake uliinama kidogo upande wa pili wa pazia. Nilimpenda mama yule. Naandika hivyo kwa sababu wakati ule sikuwa na mtu wa kumwambia.

Mwasho ukawa unapungua. Wekundu ukawa wa chai ya maziwa. Siku ya tisa nilianza kuhesabu siku za mwisho kwa kusita, kama mtoto anayehesabu likizo.

Siku ya kumi nilikuwa nimelala kidogo. Nilikuwa na oda ya mapazia ya ukumbi mzima na nilikata tangu alfajiri, na sikuwa nimekula. Nilipoweka kidole mgongoni mwake, kidole kikacheza. Kidogo tu. Nikakiondoa, nikakirudisha, kikacheza tena.

"Muko," akasema. "Mukono yako natetemeka."

"Ni njaa, Mama. Sijanywa chai."

Hakusimulia chochote asubuhi ile.

Kesho yake nikakuta mlango umefungwa kwa komeo. Nikapiga hodi, nikaita. Kupitia ufa wa dirisha niliona begi lake limefungwa, limewekwa juu ya kitanda.

"Nakwenda nyumbani," akasema kutoka ndani. "Mugongo imepona."

"Haijapona! Bado siku nne, na daktari hajakuona. Ukikatiza ovyo, mwasho utarudi."

"Itarudi tu. Mimi nimezoea."

Hasira zikanipanda. Nilimkumbuka mke wangu na begi lake, ile ahadi, kile kikopo kisicho na maandishi kinachomngoja kijijini. Nikamwambia mambo ambayo mkwe hapaswi kumwambia mama. Kwamba nimekata pazia zuri kwa ajili yake. Kwamba kama ananichukia aseme wazi, kama aibu ya siku ile ya jani imemshinda aseme, lakini asiuharibu mwili wake kwa sababu ya aibu.

"Aibu gani?" akauliza.

"Si ulilia? Nilipokuosha."

Nilisikia akija mpaka nyuma ya mlango, akaketi chini upande wake. Sauti yake ikawa karibu na goti langu.

"Mimi sikulia aibu," akasema. "Mimi nimezaa watoto saba hosipitari ya jeshi, mbere ya kira mutu. Aibu iliisha. Nililia mikono yako. Ulinishika na mikono mitupu, na wewe ni mutu ya mukasi. Mume yangu alikuwa na mikono ya bunduki, ikitetemeka, jeshi inamupa kazi ya stoo. Wewe ikitetemeka, nani atakata? Na jana nimeisikia. Ni mimi nimekuletea obuko. Kila siku nikikaa hapo, naongeza. Kwa hiyo nakwenda."

Nilikaa kizingitini. Miaka tisa yote nilikuwa nimecheka kimoyomoyo. Kila mara alipojibanza kwenye kona, kila mara gomesi ilipopotea nyuma ya ukuta, mimi niliona mzee mwenye mila zake. Kumbe alikuwa akinilinda, na kwenye jani lile la moto, moyo wake ukikimbia, bado alikuwa akinilinda, nami nikamfokea.

Nilikwenda kwangu nikala mandazi mawili na chai, nikachukua mkasi wangu na kipande cha kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye lile pazia. Nikarudi, nikakaa palepale kizingitini.

"Mama, njoo kwenye ufa wa dirisha. Uone."

Nikakunjua kitambaa magotini, mita moja unusu. Sikuchora mstari. Nikaweka mkasi pembeni mwa kitambaa nikaanza kukata, polepole, mbele ya jicho lake. Mkasi ulilia ule mlio wake wa kawaida. Nilipomaliza nikavisukuma vipande viwili chini ya mlango, akavivuta.

Nilimsikia akivilaza kitandani, akivilinganisha. Alichukua muda. Mke wa mwanajeshi hakagui kitu kwa haraka.

"Imenyooka," akasema. Kisha, "Hapa mwisho imepinda."

"Hapo nilikuwa nalia, Mama."

Komeo likafunguliwa. Nikageuza uso kama inavyopasa, nikangoja nisikie kigoda chake kikiburutwa, kisha nikaingia na kukaa kwenye changu. Pazia lilikuwa limetulia. Nilinyoosha mkono kuchukua glavu, na hapo, badala ya mgongo, kupitia lile dirisha nililolipinda kingo zote nne, ikatoka mikono yake miwili, imefunguka, viganja juu.

"Leta," akasema.

"Mama, na obuko je?"

"Leta hiyo mukono. Kama ni mimi nimeharibu, mimi nitaishika mupaka inyamaze."

Nikampa. Akaufunga mkono wangu katikati ya mikono yake, ya moto na mikavu, na nikagundua kwamba yake ndiyo iliyokuwa ikitetemeka, kwa uzee tu, na labda ilikuwa ikitetemeka miaka yote mahali ambapo sikuruhusiwa kuona. Nikaweka mkono wangu wa pili juu yake. Uani mtu alichota maji, akaondoka.

Baadaye akairudisha mikono yake ndani, nikasikia kigoda kikigeuka, na mgongo ukaja dirishani.

"Paka," akasema. "Kidogo. Isipite kiungo."

Nikaziacha glavu kwenye boksi lake. Nikanawa kwa sabuni, nikampaka baka la juu, kisha la chini, kwa kidole changu kitupu, na nikanawa tena kama daktari alivyosema.